Mlango wa Mbele

Sebuleni mwa nyumba ile palikuwa na kamera iliyoelewa kila lugha isipokuwa yangu.

Ilibandikwa juu ya kabati la vyombo, jicho dogo jeusi lenye taa ya kijani, na siku yangu ya kwanza mama mwenye nyumba alinionyesha kwa kidole. Ilikuwa ya usalama wa baba mkwe wake, alisema. Aliweza kuona na kusikia kila kitu kwenye simu yake, hata akiwa nje. Alitabasamu alipokuwa akisema hivyo. Nami nikatabasamu, kwa sababu nilikuwa mgeni nchini na kibali changu cha kuishi Uingereza kilikuwa kimefungwa kwenye kampuni iliyonituma pale. Siku ambayo kampuni ingenikataa, nchi nayo ingenikataa. Sisi wa vibali vya namna hiyo unaweza kututambua kwa jinsi tunavyoitikia ndiyo upesi.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wagonjwa majumbani. Nilitoka Kenya nikiwa muuguzi, lakini huku cheti changu kilikuwa bado hakijatambuliwa, kwa hiyo niliosha wazee, nikawavisha, nikawalisha, nikakimbilia nyumba inayofuata. Asubuhi nilitoka kwenye ghorofa letu Ladywood, nikapanda treni ya Cross City hadi Selly Oak, nikapita katikati ya nyumba za wanafunzi zenye baiskeli na chupa tupu vibarazani, mpaka kwenye nyumba moja kubwa ya matofali iliyokuwa safi kuliko zote mtaani. Wenye nyumba walikuwa mtu na mkewe, Wachina waliokaa Birmingham miaka mingi. Nyumba kadhaa za wanafunzi mtaani humo zilikuwa zao. Mume alikuwa safarini kila mara. Baba yake, mzee aliyepigwa na kiharusi, alilala sebuleni kwenye kitanda cha hospitali. Alikuwa hawezi kusema wala kujigeuza.

Mgonjwa wa aina ile huinuliwa na watu wawili. Kampuni ilituma mmoja na kuandika kwamba wa pili ni mtu wa familia. Huyo mtu wa familia alikuwa mwanamke wa makamo, rika langu kabisa, mwembamba, mwenye nywele zilizokatwa ovyo kama alizikata mwenyewe bila kioo.

"Ni shangazi yetu," mama mwenye nyumba alisema. "Hajui Kiingereza. Usijisumbue kuongea naye, ana haya."

Hakuwa na haya hata kidogo. Siku ya pili tu alinipiga mkono kwa sababu niliikunja vibaya shuka ya kumtelezeshea mzee. Alinisukuma kando, akaikunja yeye, akanitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto mzembe, halafu akacheka. Nikacheka pia. Tangu hapo tulikuwa marafiki, ingawa hatukuwa na neno hata moja la pamoja.

Maneno yalikuja yenyewe. Saa ile ya asubuhi Kiingereza changu huwa bado kimelala, kwa hiyo mzee nilimsemesha kwa Kiswahili. Shikamoo mzee. Pole. Geuka kidogo. Na kila tulipomwinua nilihesabu: moja, mbili, tatu, inua! Yule mwanamke aliyashika haraka. Wiki chache hazijapita, yeye ndiye aliyekuwa akihesabu, kwa sauti ya kuamrisha, na mimi ndiye niliyefuata. Alijua maji, uji, pole pole, vizuri, baridi, asante. Alipenda sana neno hapana. Nilimwambia anaweza kuniita dada, na yeye nikamwita dada, na mzee akawa anatutazama huku upande mmoja wa mdomo ukimpanda juu. Nadhani alikuwa anacheka.

Sasa nieleze nilichokuwa nakiona, maana sikukiona siku moja. Dada hakukaa kitini hata mara moja mbele yangu. Alikula amesimama jikoni, akitazama dirisha la mbele. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa dawa za kusafishia, na nikaja kujua kwamba ndiye aliyesafisha nyumba zote za wanafunzi wakati wa kuhama. Wanafunzi walimpita kwenye ngazi na vikombe vyao vya kahawa mkononi. Hakuwa na simu. Hakuwa na koti. Na hakuwa na viatu: alivaa ndala za plastiki ndani na nje, hata theluji ilipoanguka, kwa sababu viatu vyake mama mwenye nyumba aliviweka kwenye buti la gari na kwenda navyo popote alipokwenda.

Nilipouliza kwa utani kama shangazi hatoki kamwe, mama mwenye nyumba alijibu kwamba Birmingham ina baridi sana kwake.

Halafu ikafika asubuhi moja tulipokuwa tumemshika mzee, mimi kichwani na yeye miguuni. Kamera ilikuwa juu yetu. Dada hakuniangalia. Alikuwa akimtazama mzee, na kwa sauti ileile ya kawaida ya kazi akasema, "Dada. Mimi mlango hapana. Mimi viatu hapana. Mimi China hapana." Kisha, baada ya kumeza mate, "Dada, inua mimi."

Nilisema, "Moja, mbili, tatu," kwa sababu mzee hakuweza kubaki amening'inia hewani, na tukamwinua.

Chumba cha kuogea hakikuwa na kamera. Kesho yake nilifungua bomba maji yakapiga kelele, nikatoa simu yangu, na kwenye programu ya kutafsiri nikaandika swali moja: Unataka kuondoka? Alisoma. Alikausha vidole kwenye nguo yake na kuandika kwa kasi, na maneno yakawa yanageuka mbele yangu. Aliletwa kufanya kazi ya mgahawa. Alipofika, hakuna mgahawa. Hati yake ya kusafiria ilichukuliwa ikatunzwe, kibali kikaisha muda, na tangu hapo aliambiwa kila wiki kwamba polisi wakimwona watamfunga. Ana binti nyumbani ambaye haruhusiwi kuongea naye isipokuwa mama mwenye nyumba ameketi kando. Aliandika, akafuta, akaandika tena. La mwisho lilikuwa fupi: Ndiyo, lakini mzee nani atamgeuza?

Nilimpigia simu meneja wangu nikiwa kituo cha treni. Sheria inatutaka tuseme tukiona mtu anaonewa, na tulifundishwa hivyo tukatia saini. Meneja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta pumzi.

"Hiyo ni familia nzuri," alisema. "Hawajawahi kulalamika. Mambo ya kwao wanayajua wao."

"Ameniomba msaada."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Kumbuka ni nani aliyekuleta nchi hii," akasema.

Nakumbuka treni iliingia, milango ikafunguka, na mimi sikupanda. Nilibaki nimesimama nikiwa na hasira ambayo sikuijua ndani yangu. Nilikuwa nimemeza mengi tangu nije: kuitwa majina na wagonjwa waliochanganyikiwa, kupangiwa nyumba za pande mbili za jiji kana kwamba nina mabawa. Hili sikuweza. Nilikuwa nimejifungua watoto, nimezika mama, nimeshika mikono ya watu wakikata roho kwenye wadi isiyo na umeme. Nani huyu wa kunikumbusha aliyenileta? Niliandika taarifa kwa idara ya jiji inayohusika, kwa jina langu kamili, pale pale kwenye benchi. Halafu nikampigia Mama Mchungaji.

Kanisa letu linakodi ukumbi Ladywood Jumapili mchana, baada ya wazee wachache wa Kiingereza kumaliza ibada yao. Sisi ni Wakenya wengi, Wakongo wengi, na Watanzania wa kuhesabika. Mchungaji ni mwanamke wa Uvira, Kongo, aliyefika hapa kama mkimbizi, akapiga deki hospitalini miaka mingi, akasoma, akawekewa mikono. Yeye ndiye aliyeanzisha huduma ya wanawake. Walikuwa wanazunguka kwenye maduka ya kucha, majiko ya migahawa na mahali pa kuosha magari, wakiwa na mandazi kwenye kikapu na namba za simu za msaada zilizoandikwa kwa lugha nyingi. Wamisionari wa zamani walikuja kwetu na Biblia na kofia ngumu. Sisi tumekuja kwao na mandazi. Nilikuwa nimewahi kwenda nao mara moja tu; baada ya hapo nilisema nina kazi.

Alinikaribisha kwake Washwood Heath, kwenye nyumba iliyotazamana na ukuta wa maghala. Nilipomaliza kusimulia alikuwa ameshavua miwani.

"Tumtoe kwa nyuma?" niliuliza. "Kuna mlango wa jikoni unaotokea kwenye kichochoro. Mama mwenye nyumba akienda dukani…"

"Hapana," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Ule mama hatatoroka. Mwizi njo anatoroka. Yeye atatoka. Tena atatokea mlango ya mbele, na mchana, batu banaona."

"Na mwenye nyumba akiwepo?"

"Muzuri akuwe. Namutaka akuwe." Akarudisha miwani. "Sikia, dada yangu. Hatuende kuiba mutu. Tunaenda kumuuliza mbele ya bote, na yeye atajibu. Akisema anabaki, tutakula mandazi yetu na tutarudi."

Aliwapigia polisi anaowajua kwenye kazi hiyo. Walisema watafika, ila hawakusema lini. Dada mwenyewe alichagua siku, tena kwenye chumba cha kuogea, maji yakilia. Hakutaka kungoja polisi, aliwaogopa. Alitaka Jumanne, kwa sababu Jumanne mzee hupewa chakula laini anachokipenda cha yai, na alitaka kumlisha mwenyewe.

Jumanne hiyo nilifika kama kawaida. Mama mwenye nyumba alikuwa mezani na kompyuta. Dada alimlisha mzee kijiko kwa kijiko, akamfuta mdomo, akamsemesha kwa lugha yao maneno ambayo sitayajua kamwe. Mzee alimshika kidole. Kengele ya mlango ikalia.

Mama Mchungaji alikuwa amevaa kitenge cha sherehe na kilemba kilichokaribia kugusa fremu ya mlango. Nyuma yake, basi dogo la kanisa lilikuwa limesimama na injini ikinguruma. Wanafunzi wawili watatu walikuwa wakipita na mabegi yao.

"Habari za asubuhi, madame," alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Nimekuja kumsalimu mama anayefanya kazi hapa. Nataka kumuuliza kama angependa kwenda na mimi."

Mama mwenye nyumba alinitazama mara moja tu, na nikajua ameelewa. "Hakuna mfanyakazi hapa," alisema. "Yule ni shangazi wa mume wangu."

"Vizuri sana. Basi shangazi anaweza kutoka akatembea."

"Ana haya. Ni mgonjwa. Ondokeni au naita polisi."

"Ita," Mama Mchungaji alisema. Wala hakuinua sauti. "Nitangoja hapa hapa. Ukitaka nikushikie simu, nitakushikia."

Simu ilikuwa mkononi mwa mwenye nyumba. Tuliiangalia wote. Hakuipiga. Alianza badala yake kusema kwa Kichina, haraka haraka, akimwelekea dada, na ingawa sikuelewa neno niliona dada akipungua, mabega yakishuka, macho yakienda sakafuni. Nikadhani tumeshindwa. Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaamua.

"Dada," nikasema kwa Kiswahili, "sema unachotaka wewe. Si anachotaka yeye. Wala ninachotaka mimi."

Kisha akainama, akachukua mfuko wa plastiki uliokuwa nyuma ya mapazia, ambao sikujua ameuweka pale, akamtazama yule mama usoni na kumwambia, "Hapana." Kwa Kiswahili! Mwenye nyumba hakulijua neno, lakini alilielewa.

Akatembea mpaka mlangoni kwa ndala zake. Nje palikuwa na barafu. Mama Mchungaji aliangalia zile ndala, akasema "Eh, Mungu wangu," akavua viatu vyake mwenyewe, vile vya dhahabu vyenye kisigino na vito vya kung'aa ambavyo wamama wa Kongo huvaa harusini, akampa. Yeye akarudi kwenye basi na soksi. Dada alishuka ngazi akiyumba kama ndama, ameshika uzio, na akaingia kwenye basi bila kugeuka nyuma.

Mimi sikuweza kwenda nao. Huu ndio ukweli ambao watu husahau ninapowasimulia. Zamu yangu ilikuwa haijaisha, na mzee alikuwa hajaoshwa. Nilifunga mlango na kubaki ndani na mama mwenye nyumba.

Alianza kunifokea. Kwamba nitafukuzwa, nitarudishwa kwetu nikale vumbi, nimeharibu familia. Nilimwacha mpaka pumzi ikamwishia. Kisha nikaenda kichwani kwa mzee, nikaiweka shuka.

"Anahitaji watu wawili," nikamwambia. "Shika hapo miguuni."

"Mimi?"

"Ni baba yenu."

Mzee alikuwa amelowa na alikuwa akitutazama. Nadhani ni macho yale yaliyomsogeza, si mimi. Alikuja. Hakujua mahali pa kushika, na nilimwonyesha. Nikahesabu kwa Kiingereza, akainua, na uso wake ulibadilika aliposikia uzito wa mtu ambaye mwenzake alikuwa akimwinua kila siku, usiku na mchana, bila kusemwa asante.

Kufikia Ijumaa kampuni ilikuwa imenisimamisha kazi. Meneja aliniita ofisini akasema nimevuka mipaka ya kazi yangu. Nilimwambia aandike hivyo na atie saini, nami nitawapelekea wale wa idara ya jiji, kwa sababu taarifa yangu ilikuwa imefika na polisi walikuwa wamenipigia. Hakuandika. Hawakunifukuza, lakini walininyima zamu mpaka nikatafuta kwingine, na kwa majuma mengi nililala nikiwaza uwanja wa ndege. Niliogopa, sitadanganya. Nilikuwa nikiogopa na huku siombi msamaha. Kumbe mtu anaweza kufanya vyote viwili. Baadaye makao ya wazee yaliyokosa wauguzi yalinichukua, yakadhamini kibali changu, na huko ndiko niliko.

Dada alikaa kwanza kwa Mama Mchungaji, kwenye chumba cha binti wa Mchungaji, msichana aliyezaliwa hapa ambaye husikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Polisi walimhoji pamoja na mkalimani, wakaipata hati yake. Akapelekwa kwenye nyumba salama, akaanza kusubiri serikali iamue kama inaamini kwamba alitumikishwa. Jumapili alikuja kanisani. Si kwamba ameokoka. Alituambia waziwazi kwamba kwao wana miungu yao na mababu zao, lakini alipenda ngoma na wali.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa, Mkenya mwenzangu, mhandisi, mtu mwema kwa mambo mengine, akapata wazo. Wageni kutoka makanisa mengine walikuwa wanakuja. Dada asimame mbele atoe ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomtoa utumwani. Apigwe picha. Huduma ijulikane.

"Hajaomba kusema," nilimwambia.

"Ni kwa utukufu wa Mungu, dada."

"Mungu alikuwepo. Ameshaona."

Nilitegemea Mama Mchungaji aniunge mkono, na hakuniunga. Hilo liliniuma. Alisema yeye mwenyewe alitoa ushuhuda wake kila mahali alipofika, kwamba kusema kulimponya, na watu wakisikia watafungua macho. Tuligombana jikoni mwa ukumbi, kati ya masufuria, sauti zetu zikapita mpaka kwa waimbaji.

Nilimweleza habari za nyanya yangu. Alikimbilia misheni akiwa msichana, akikataa kuozwa kwa mzee. Walimpokea, ni kweli, na kama si wao mimi nisingekuwepo. Lakini walimpa jina jipya, wakampa sakafu za kusugua, na kila wageni walipokuja kutoka ng'ambo alisimamishwa mbele ya nyumba na gauni jeupe, aonekane. Alizeeka, akawa na wajukuu, na bado akisikia gari la wageni alitoka kwa mlango wa nyuma na kujificha shambani kwenye mahindi.

"Sisi si ule muzungu," Mama Mchungaji alisema.

"Basi tusifanye kama yeye. Wewe uliniambia tutamuuliza mbele ya wote. Muulize."

Aliweka mwiko juu ya sufuria. "Uko kichwa ngumu, weye," akasema hatimaye. "Tutamuuliza."

Lakini mzee wa kanisa hakungoja. Jumapili hiyo, wageni wakiwa safu ya mbele, alimwita kwa kipaza sauti na watu wakapiga makofi. Dada hakuelewa mpaka mtu alipomgusa bega. Alikwenda. Akapewa kipaza sauti. Simu zikainuliwa hewani, macho mengi ya kioo yakimwelekea, na mimi nikaiona ile kamera ya sebuleni imezaa. Nikasimama niende nikamtoe.

Hakunihitaji. Aliangalia simu zote zile, akaangalia kipaza sauti. "Asante kwa chakula," akasema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Asante kwa Mama. Picha hapana." Akamrudishia mzee wa kanisa kipaza sauti, akarudi kwenye kiti chake, akakaa.

Kisha kutoka nyuma, mmoja wa wamama wa Kongo akapiga kigelegele, na wengine wakadakia, mpaka wageni wakadhani ndio ushuhuda wenyewe na wakaanza kusimama. Mama Mchungaji alipanda madhabahuni, akasema simu zishushwe, na ibada ikaendelea. Mzee wa kanisa hakunisalimu kwa muda. Sikumfuata.

Serikali ilichukua muda mrefu kuamini, ila iliamini. Wenye nyumba wale hawakufikishwa mahakamani; tuliambiwa ushahidi hautoshi, neno la mmoja dhidi ya wawili. Nililia kwa hasira siku hiyo. Dada hakulia. Alikuwa ameshapata kazi kwenye jiko la kutengeneza mandazi ya Kichina, kazi yenye mshahara na siku ya kupumzika, na simu ambayo kila asubuhi ilikuwa na uso wa binti yake.

Mama mwenye nyumba nilikutana naye tena mwaka huu, soko la samaki la mjini. Nilimtambua kabla hajanitambua. Nilifikiria kuondoka, kisha nikasema moyoni, kwa nini niondoke mimi? Nikabaki kwenye foleni.

"Baba amefariki," alisema alipogeuka. Alikuwa amekonda. "Aliacha kula baada ya yeye kuondoka. Nilitaka ujue."

"Pole sana," nikasema, na nilimaanisha. Nilimpenda mzee yule. Lakini nilijua ananipa mzigo gani, na nikakataa kuupokea. "Pole kwa msiba. Na ningerudi leo, ningefanya vile vile."

Alichukua samaki wake akaenda.

Nilimpigia dada kutoka kituo cha basi. Nilikuwa nimejishauri kumficha, halafu nikaona kumficha ni kumwamulia, na waliomwamulia walikuwa wametosha. Nilisikia mvuke na vyuma vya jikoni nyuma yake. Kisha akauliza mzee amezikwa wapi.

"Wanaweza kuwepo," nilimwonya.

"Wawepo," akasema.

Tulikwenda watatu, yeye, mimi na Mama Mchungaji, siku ya mvua nyembamba. Upande wa makaburi ya Wachina mawe yalikuwa yameandikwa kwa dhahabu. Dada aliweka chungwa, kikombe cha chai, na bakuli la yai laini alilolifunika kwa mkono wake lisilowe. Akawasha udi. Mama Mchungaji, ambaye angeweza kuhubiri juu ya jambo hilo, alimshikia mwavuli ili moto usizimike.

Dada alikuwa akiinama mara ya kwanza kati ya tatu za desturi yao tuliposikia gari likisimama kwenye njia nyuma yetu. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Niligeuka nikamwona mama mwenye nyumba amesimama na maua, hajui aje au arudi. Nikamgusa dada kiwiko.

Alitupa jicho, akamwona. Akageukia jiwe tena na kuinama mara ya pili, chini kabisa, pole pole, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake.